Nyimbo Tisa Kutoka Kabatini

Kwanza niseme wazi kwamba aliyezifuta nyimbo zile tisa ni mimi. Wapo wanaosema rafiki yangu alizifuta mwenyewe, naye hajawahi kukanusha, lakini kidole kilichobonyeza kilikuwa changu.

Tulifanya kazi pamoja kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Mimi nilikaa kwenye kompyuta, nikipanga kadi za harusi, kalenda na vitabu vya risiti. Yeye alisimama kwenye mashine ya kukatia karatasi, ile yenye kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima, ambayo ukizubaa inakuachia vidole tisa. Yeye alikuwa bado na kumi, baada ya miaka kumi na minne kazini. Vipande vyembamba vilivyobaki kwenye kukata sisi wengine tulivifagia. Yeye alivikusanya mfukoni akaviandikia nyimbo. Ndiyo maana mistari yake ilikuwa mifupi. Karatasi zenyewe zilikuwa na upana wa vidole viwili.

Tulimwita Mtunzi. Jina lilianza kama kejeli, kisha likazoeleka hata kwa bosi. Alikuwa anaelekea miaka arobaini na miwili, na tangu ujana wake alikuwa amezunguka studio zote za mji, kila mahali akiambiwa arudi wiki ijayo. Siku moja wakati wa chai alinivuta pembeni, karibu na marundo ya bahasha.

"Ndugu yangu, nimechoka kurudi wiki ijayo," alisema. "Tutarekodi nyumbani kwangu."

"Tutarekodi na nani?"

"Na wewe. Si una kompyuta ya kubeba? Si una kile kipaza sauti?"

Kipaza sauti kilikuwa cha kuzungumzia na watu mtandaoni, kidogo kama kidole gumba, nilikinunua sokoni kwenye lundo la vitu vilivyotumika. Nilicheka. Yeye hakucheka. Jumapili iliyofuata nikajikuta kwake.

Walikuwa na vyumba viwili, yeye na mkewe. Mkewe alikuwa msusi, ana kibanda chenye viti viwili mtaa wa nyuma ya kiwanda, na mimi nilimwita shemeji kama ilivyo kawaida kwa mke wa rafiki. Walikuwa wameegemeza godoro dirishani na kubandika maboksi ya karatasi kwenye mlango. Kabati la nguo lilikuwa wazi, nguo zimesukumwa pande zote mbili, na katikati tukaning'iniza kipaza sauti changu. Shemeji alikuwa amepinda henga ya waya ikawa duara, akaivalisha soksi yake ndefu ya nailoni, ili pumzi ya mwimbaji isipige moja kwa moja. Mwimbaji alitakiwa kuingiza kichwa kabatini na kuimba akiwa ametazamana na makoti.

"Umejifunza wapi haya?" nilimuuliza shemeji.

"Wateja wangu wanaongea mambo yote ya dunia," alisema. "Mimi nasikiliza tu, mikono iko kazini."

Jumapili hiyo ya kwanza Mtunzi alikuwa na mafua, sauti imekauka kabisa. Hakutaka kupoteza siku. Akasema atapiga gita tu, na mkewe aimbe juu yake kwa kupimia, ili tujue kila wimbo unaanzia wapi na kuishia wapi. Shemeji akajifuta mikono kwenye sketi, akaingiza kichwa kabatini.

Nilikuwa nimevaa hedifoni. Wimbo wa kwanza ulipoanza nilidhani nimebonyeza kitu kibaya, nimefungua wimbo wa mtu mwingine. Sauti ilikuwa ya chini, haina haraka, haijipambi. Maneno ambayo kazini nilikuwa nimeyasikia yakitamkwa kwenye kelele za mashine, na kuyacheka, sasa yalikuwa na uzito. Wimbo wa nne uliitwa "Urefu Wako." Ulianza hivi:

*Nilikushonea nguo*
*kabla sijajua urefu wako.*

Niliuelewa kama wimbo wa mapenzi, wa mtu aliyemwandalia mpenzi ambaye hakuja. Hata hivyo ilinibidi nijifanye nakagua waya.

Walipomaliza zote tisa, nikavua hedifoni. Sikufikiri. Nikasema, "Mtunzi, mwache shemeji aimbe. Nyimbo zako, sauti yake. Hii kazi imekwisha leo."

Mtunzi alikuwa anakaza uzi wa gita ambao haukuhitaji kukazwa. Shemeji alitoa kichwa kabatini, uso unang'aa kwa jasho, na kwa muda mfupi, kama sekunde mbili, alikuwa anatabasamu.

"Futa," Mtunzi alisema.

"Nifute nini?"

"Hizo. Zilikuwa za kupimia."

"Zote?"

"Ndugu yangu, miaka ishirini naandika nyimbo. Unataka watu waseme zimeimbwa na msusi?"

Nilimtazama shemeji. Alikuwa anaangalia kucha zake. "Fanya anavyosema, shemeji," alisema. "Zake hizo."

Nikafuta. Mtunzi akasimama nyuma ya bega langu, akaniambia nifute na kule zinakokwenda zikishafutwa. Nikafuta na huko.

Tulirekodi Jumapili tano zaidi. Sauti ya Mtunzi ilikuwa kama mtu anayepandisha godoro ngazini: inagonga ukuta huu, inagonga ule, inashuka kidogo ipumue, inapanda tena. Alijua maneno yanataka nini, lakini koo halikumtii. Kwenye wimbo wa sita jirani anasikika akiuliza ndoo ilipo. Tuliurudia mara nne, na mara zote nne ndoo ilikuwa haijapatikana. Shemeji alipewa kazi ya kutikisa kopo la vibanio vya nywele, na nyimbo tatu akaruhusiwa kuitikia nyuma. Baadaye Mtunzi aliposikiliza alikunja uso. "Ananifunika. Mshushe." Nikamshusha. "Mshushe tena." Nilimshusha mpaka akawa kama mtu anayeimba nyumba ya tatu.

Jalada la CD nililipanga mimi, tukalichapa kwenye karatasi zilizobaki za kalenda, naye akazikata mwenyewe kwa kisu kile, nakala sitini, zimenyooka kuliko kazi yoyote aliyowahi kumkatia bosi. Aligawa kwa ndugu, majirani na watu wa kiwandani. Kisha akaanza kusubiri.

"Umeshasikiliza?" alituuliza kila asubuhi, kabla hata ya salamu.

"Bado, redio ya gari imeharibika," mmoja alijibu, mtu ambaye hakuwa na gari wala baiskeli. Shangazi yake Mtunzi aliitungika CD bustanini iwafukuze ndege. Mtunzi aliiona alipokwenda kumsalimia, na shangazi, bila aibu, akamwambia inafanya kazi vizuri sana.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Alianza kukonda. Ndipo akaniomba nipeleke nakala redioni, kwa sababu mimi nilikuwa nafika kule kupeleka matangazo yaliyochapwa. Nikaipeleka. Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, aliyejulikana kwa jina la Pilipili, aliisikiliza mbele yangu, sikio moja tu, huku anakula karanga. Hazikufika sekunde ishirini. Alianza kucheka mpaka karanga ikampalia.

"Hii ni ya Ijumaa," alisema. "Mwambie aje mwenyewe. Aje na mdomo wake!"

Ijumaa walikuwa na kipengele kinachoitwa Ziba Masikio. Wasikilizaji walileta nyimbo mbovu kuliko zote, zikachezwa, watu wakapiga simu kucheka. Nilikuwa nakisikiliza kila wiki. Nilijua ni nini. Ningeweza kunyoosha mkono nikaichukua ile CD pale mezani, na nimewahi kujiambia kwamba nilisahau, kwamba nilikuwa na haraka. Sikusahau. Nilitaka asikie. Nilitaka mtu amwambie kile ambacho sisi wa kiwandani hatukuwa na ujasiri wa kumwambia, na zaidi ya hapo nilikuwa bado na hasira ya Jumapili ile.

"Aje saa ngapi?" niliuliza.

Mtunzi alipopata habari alinikumbatia mbele ya watu. Hakuwahi kusikiliza redio asubuhi, mashine yake ilikuwa na kelele. Wenzetu waliokijua kipindi walitazamana, wakaniangalia mimi, kisha kila mmoja akarudi kwenye kazi yake. Bosi alimpa ruhusa. Siku hiyo Mtunzi alivaa suti ya harusi yake, na shemeji akamnyoa na kumpaka mafuta kichwani.

Saa nne kasoro tulizima mashine zote, tukawasha redio juu ya rafu ya wino.

"Leo tuna mgeni mzito," Pilipili alianza. "Bwana Mtunzi, karibu. Umesoma wapi muziki?"

"Nimejifundisha," Mtunzi alijibu kwa sauti ya heshima. "Na nashukuru sana kwa nafasi hii."

"Umejifundisha! Mwalimu wako anastahili kifungo." Kicheko cha watu wawili watatu mle studio. "Na hii mmerekodia wapi?"

"Kabatini."

Hapo wenzangu kiwandani nao wakaanza. Fundi wa mtambo aliinama akashika magoti. Sikuweza kujizuia, nami nikacheka.

Wakacheza "Urefu Wako." Sauti ilipogonga ukuta wa kwanza, Pilipili akausimamisha. "Subiri, subiri. Umemshonea mtu nguo kabla hujampima? Bwana wewe ni fundi wa wapi?" Wakaurudisha mwanzo, wakasimamisha tena palepale. Simu zikaanza. Mwanamke mmoja alisema ng'ombe wake amekataa kukamuliwa. Mzee mmoja aliuliza kama huyo mtu bado yumo kabatini, wamsaidie kumtoa.

"Hebu tuambie," Pilipili alisema, "huyo unayemshonea ni nani?"

Mtunzi alinyamaza. Kwenye redio kimya kinasikika kirefu sana.

"Ni... ni mtu tu," alisema. "Wa kufikirika."

"Na huyu anayelia huko nyuma ni nani? Mbuzi wa jirani?"

Nilijua ni sauti gani. Nilikuwa nimeishusha mwenyewe mpaka ikabaki kijiuzi. Mtunzi alivuta pumzi, na nilipomsikia anavuta pumzi nilidhani atasimama aondoke.

"Huyo ni mke wangu," alisema. "Kwa kweli ndiye aliyeharibu. Nilimwambia asiimbe, akanililia, nikamwonea huruma. Bila yeye ingekuwa kitu kingine."

"Kumbe mbuzi ni mama mwenye nyumba!"

"Ndiyo," Mtunzi alisema, na sasa alikuwa anacheka pamoja nao, kicheko chembamba cha mtu aliyepata pa kupumulia. "Ndiye mbuzi."

Kiwandani hakuna aliyecheka hilo. Bosi alizima redio, akasema mashine ziwashwe.

Wakati wa chakula nilikimbia mtaa wa nyuma. Kibandani redio ilikuwa imezimwa, lakini ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote, kati ya vioo viwili. Shemeji alikuwa anafagia nywele. Mteja alikuwa ameshaondoka.

"Shemeji," nilianza.

"Nilikuwa na kichwa mkononi," alisema, bila kuacha kufagia. "Mistari minne ilikuwa imebaki. Mteja alicheka mpaka machozi, hakujua ni mimi. Nikamsuka hiyo mistari minne, nikamkaza mpaka akalia kweli. Halafu nikamshukuru, akaenda."

Nikasema lililo baya kuliko kunyamaza. "Ulikuwa mzaha tu wa redio."

Aliegemeza ufagio. "Unajua ule wimbo ni wa nani?"

"Si wa mpenzi?"

"Ni wa mwanetu. Alizaliwa ameshakufa, miaka sita sasa. Nguo nilishona mimi kwa kukisia, na zilimzidi. Yeye aliandika wimbo, hakuniambia mpaka siku ile mlipokuja na waya zenu, akanipa karatasi akasema imba." Alikaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kiooni kama anayetazama kichwa cha mtu mwingine. "Angesema hata neno moja pale, wangenyamaza. Yule mtu alimuuliza kabisa, shemeji. Alimuuliza ni nani."

Jioni ile Mtunzi alirudi nyumbani amechangamka, amepigiwa simu na watu watatu wanaomtaka kwenye sherehe. Haya alinieleza mwenyewe, akitarajia nimwonee huruma. Alisema mkewe alimuuliza swali moja tu: kwa nini. Naye akajibu kwamba ilimtoka, na kwamba watu walikuwa wanamcheka peke yake, ikawa nzito, wakigawana wawili inakuwa nyepesi. Asubuhi shemeji alihamia kwa shangazi yake mwenyewe, upande wa pili wa mji, akaendelea kuja kibandani kila siku kama kawaida.

Mialiko ikaongezeka. Harusi, mahafali, ufunguzi wa duka la vyombo. Walimtaka yule wa Ziba Masikio, aje na suti ileile, aimbe vilevile. Mwanzoni alijaribu kuimba vizuri, wakamzomea, maana siyo walichokitaka. Akajifunza haraka. Akaacha kazi kiwandani. Tatizo likawa moja: kila alipokwenda watu waliuliza, mbuzi yuko wapi?

Akaniomba nimsindikize kwa mkewe. Nilikwenda, sijui kwa nini. Labda nilitaka kuonekana mtu mwema.

Tulimkuta kibandani peke yake, anaosha vitana. Mtunzi alisimama mlangoni na suti yake, ambayo sasa ilikuwa imeng'aa viwikoni.

"Mama," alianza. Ndivyo alivyozoea kumwita, ingawa sasa nilijua jina hilo limetoka wapi, na lilinichoma. "Watu wanakuhitaji. Ni kuitikia tu. Nyimbo tatu."

"Niimbe?"

"Uimbe. Lakini siyo... unajua. Mwisho wa mstari unateleza kidogo. Unakuwa kama unalia."

"Unataka niimbe vibaya."

"Kidogo tu."

"Na ule wa mtoto?"

Mtunzi alishika kitasa cha mlango. "Ule ndio wanaoupenda zaidi."

Shemeji aliweka kitana kwenye taulo, akakipanga na vingine kwa ukubwa. Kisha akanigeukia mimi. "Nani alipeleka ile CD redioni?"

"Huyu," Mtunzi alidakia, na akaniwekea mkono begani, kwa upendo kabisa. "Ndiye aliyenifungulia njia."

"Ulijua ni kipindi gani, shemeji?"

Ningeweza kudanganya. Macho yake yalikuwa yametulia tu, hayadai chochote.

"Nilijua," nikasema.

Mkono wa Mtunzi ulibaki begani kwangu. Nilihisi ukiwa mzito, halafu mwepesi, halafu ukaondoka.

"Sikujua kama ulijua," alisema taratibu.

"Nendeni wote wawili," shemeji alisema. "Nina mteja saa nane."

Kwenye kona Mtunzi alisimama, nikadhani atanipiga, na ningefurahi. Badala yake alinyoosha tai yake. "Basi hata hivyo umenisaidia," alisema, akakata mtaa.

Hakumpata mkewe, akamtafuta mwanamke mwingine, mwigizaji wa maigizo ya mtaani mwenye sauti ya kukwaruza bati, akamvalisha gauni na kumtambulisha kama mke wake. Ndivyo watu wanavyomjua hadi leo: Mtunzi na Mbuzi. Shemeji ameshasikia wateja wakimsimulia kibandani jinsi mke wa yule mtu alivyo kituko. Aliniambia hivyo siku moja tulipokutana barabarani, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuzungumza nami. Haimbi. Nilimuuliza, akasema hakuwahi kuimba, alipimia tu.

Mwezi uliopita kampuni moja ilifanya sherehe ya mchana kwa wafanyakazi wake, na sisi tulichapa ratiba. Nilizipeleka ukumbini mwenyewe, nikamkuta Mtunzi kwenye stoo ya viti, amekaa juu ya viti vya plastiki vilivyopangwa, sahani ya chakula magotini. Amenenepa. Alinikaribisha kana kwamba hakuna lililotokea.

"Bado unaandika?" nilimuuliza.

"Sana. Ila sasa naandika vya kuchekesha." Alitoa karatasi mfukoni, karatasi pana ya kawaida, akanisomea. Ulikuwa mzaha wa mlevi na ngazi, haukuchekesha. Katikati kulikuwa na mstari mmoja kuhusu mlevi anayepapasa ukuta akitafuta mlango wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

"Huo ni mzuri," nikasema.

"Upi?"

"Wa mlango. Ni mzuri sana."

Aliutazama kwa muda, midomo ikisogea bila sauti. Uso wake ulilegea, nikauona ule wa zamani, wa mtu aliyesimama kwenye mashine na vipande vya karatasi mfukoni.

"Mzuri, eh?" alisema. "Basi hapo watanyamaza. Nitaufuta."

Mshereheshaji akamwita jina. Akapangusa vidole kwenye leso, akafunga kifungo cha koti, akamshika mkono yule mwanamke wa gauni aliyekuwa anasubiri mlangoni. Walipotokeza tu, kabla hajafungua mdomo, ukumbi mzima ulikuwa umeshaanza kucheka.